Maswali kwa Karani wa Zamani: Shaba ya Zambia ilianza kufa lini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tunduma, na kila siku ninapita kwenye foleni ya malori ya shaba mpakani. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza kwa nini migodi ya Zambia, iliyokuwa tajiri kuliko yote jirani zetu, ilianguka miaka ile. Kitabu kinasema bei ya dunia ilishuka. Mjomba wangu mwenye duka Nakonde anasema kitabu kinaficha, kwamba Kaunda aliiua migodi siku alipoitaifisha. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Wewe uliyezaliwa huko na kuihesabu shaba yenyewe, tuamue. (Mwalimu, Tunduma)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mjomba msalimie, na chai ipasheni moto, maana uamuzi wangu hautamfurahisha yeyote kati yenu. Nyote mnatafuta siku moja ambayo shaba ilikufa, nami siku hiyo sikuwahi kuiona, ingawa nilikuwa nimeketi mlangoni nikihesabu.

Niseme kwanza nilikuwa nimekaa wapi. Baba yangu alitoka Rungwe na vijana wenzake wa Kinyakyusa kwenda kutafuta kazi kwenye Ukanda wa Shaba, safari ambayo wengi wa rika lake waliifanya. Wengine walirudi na baiskeli na cherehani, wengine walioa huko huko. Baba aliingia chini ya ardhi Mufulira, nami nikazaliwa komboni, yaani mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, Kantanshi, mwaka 1957. Kibemba nilikijua kabla ya Kinyakyusa, kosa ambalo bibi yangu wa Tukuyu hakunisamehe hadi anaingia kaburini. Tulirudi nyumbani 1972. Mwaka 1977 nikaajiriwa relini Dar es Salaam, karani wa mizigo, na nikahesabu shaba hadi nilipostaafu 2012. Kaka yangu mkubwa alibaki kule, akawa fundi wa pampu katika mgodi ambao sitautaja kwa kuwa wenzake bado wako hai na wengine wanasoma ukurasa huu. Mambo ya chini ya ardhi niliyajua kwa barua zake, ya juu ya ardhi kwa daftari langu.

Tuanze na bei, maana kitabu chako hakikudanganya. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Zambia zilitoka kwenye shaba. Aprili 1974 bei ya shaba kwenye soko la London ilipanda mahali ambapo haikuwahi kufika, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya nusu. Wakati huo huo mafuta yalikuwa yamepanda. Nchi yenye mguu mmoja ikapigwa mguu huo huo.

Lakini bei ile ile ilimpiga na Mchile. Chile ilitaifisha migodi yake mikubwa mwaka 1971, miaka miwili baada ya Kaunda. Ikaikuta bei mbovu ile ile, na hata baada ya mapinduzi ya 1973 wanajeshi hawakuirudisha migodi ile kwa Wamarekani. Mwaka 1976 likaundwa shirika la serikali, Codelco, ambalo kwa miongo mingi likawa mzalishaji mkubwa wa shaba duniani. Zambia nayo ilichimba zaidi ya tani 700,000 mwaka 1969, na mwaka 2000 ikawa imebaki na kama tani 250,000. Hapo bei peke yake haitoshi, na kutaifisha peke yake hakutoshi. Wewe na mjomba mnadaiana soda.

Chile ina bahari mlangoni, hilo lazima tuliseme. Shaba ya Kitwe inasafiri karibu kilomita 2,000 kabla haijaonja maji ya chumvi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao, na reli ya kusini ikawa ya mashaka. Januari 1973 mpaka ukafungwa kabisa. Agosti 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela. Njia ikabaki huku kwetu: bomba la mafuta lililofunguliwa 1968, barabara ambayo madereva waliiita njia ya kuzimu, na reli ya Mchina, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa Julai 1976. Nilipoanza kazi mwaka uliofuata, shaba ilikuja vipande virefu kama magogo, kila kimoja zaidi ya kilo mia. Ukikigonga kwa ufunguo kinalia kama kengele ya kanisa. Kupanda mlima kati ya Mlimba na Makambako kulizitesa injini zile za mwanzo, na mabehewa yalichelewa kurudi. Oktoba 1978 Kaunda akameza mate machungu na kufungua tena njia ya kusini, kwa sababu mbolea ilikuwa imekwama na msimu unawadia. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Rhodesia wakalipua daraja la reli la Chambeshi. Nakumbuka daftari langu la wiki zile, kurasa nyeupe tupu.

Tani moja inayokaa njiani miezi mitatu ni fedha isiyolipa mshahara wala kununua kipuri. Watu wanaihesabu shaba iliyochimbwa, hawaihesabu iliyolala.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini zaidi. Kwetu Rungwe ukiacha kupalilia migomba, shamba haliachi kuzaa siku hiyo. Mwaka wa kwanza unakata mikungu kama kawaida, unasifiwa sokoni. Mwaka wa pili mikungu inapungua kidogo, unalaumu mvua. Mwaka wa tatu unaingia shambani unakuta machipukizi yamebanana, hakuna mgomba wenye nguvu, na mkungu unaoubeba ni wa kulishia nguruwe. Ukiulizwa shamba lilikufa lini, utataja mwaka wa tatu. Uongo. Lilikufa siku uliyotundika jembe.

Mgodi ni hivyo hivyo. Shimo la wazi kama la Nchanga pale Chingola, ambalo ni mojawapo ya makubwa duniani, ili upate tani moja ya mawe yenye shaba lazima kwanza uondoe tani nyingi za kifusi kisicho na kitu. Kifusi hicho hakiuzwi, ni gharama tupu. Kwa hiyo fedha zikikaba, kitu cha kwanza ambacho bosi anaweza kukiacha bila mtu yeyote nje kugundua ni kifusi. Anaendelea kuchimba mawe yaliyokwisha kufunuliwa. Hesabu za mwaka huo zinapendeza, gharama zimeshuka, shaba iko pale pale. Chini ya ardhi ni vilevile, unaacha kuchonga njia mpya za kufikia mawe ya mbele na kwenda kina zaidi, unakula yaliyo karibu. Baada ya miaka michache mawe ya karibu yamekwisha na ya mbali hayana njia. Kuanza upya hapo kunahitaji fedha nyingi kuliko zile ulizobana.

Kaka aliniandikia hayo mwaka 1983, kwa kalamu ya risasi, nyuma ya fomu ya zamu. "Tunakula mbegu," aliandika. Barua ile ninayo.

Kwa nini walikula mbegu? Hapo mjomba wako ana hoja, ila si ile anayoidhani. Agosti 1969 pale Matero Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya makampuni mawili yaliyokuwa yameshika shaba yote, Anglo American na Roan Selection Trust. Mwaka mmoja kabla, pale Mulungushi, alikuwa amelalamika kwamba faida nyingi zinatoka nje na uwekezaji mpya hauonekani, na kwa kumbukumbu zangu za baba na rafiki zake wakinywa kahawa kibarazani, hakuna aliyempinga. Mimi sioni kosa kubwa pale Matero. Kosa naliona mwaka 1973. Hisa zile zilikuwa zilipwe polepole kwa miaka mingi, kutokana na faida ya shaba yenyewe. Serikali ikaamua kulipa deni lote mara moja, kwa fedha za kukopa, ili ijikomboe kutoka kwenye mikataba ya usimamizi. Nia nzuri sana. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na deni likabaki limesimama kama ngazi iliyoondolewa nyumba.

Baada ya hapo dola za shaba zilikwenda Lusaka, na migodi ikapanga foleni kuziomba kama mtu mwingine yeyote. Nitakupa mfano niliouona kwa macho. Kati ya miaka ya themanini lilifika bandarini kreti la vipuri vya pampu, la mgodi aliofanyia kazi kaka. Kwa sababu ya karatasi moja ya malipo iliyokuwa haijatoka kwenye benki fulani, kreti lile lilikaa miezi mitano. Nilikuwa nikilipita kila asubuhi. Wiki ya tatu nilimwandikia kaka kwamba vipuri vyenu ninaviona. Akajibu kwamba wamekwisha kuifungua pampu moja nzima ili wapate vipuri vya kuiponya nyingine. Mwezi wa tano kreti liliondoka. Wakati huo pampu mbili zilikuwa zimekuwa moja.

Na pampu, mwalimu, ndiyo roho. Konkola, pale Chililabombwe, ni mgodi wenye maji mengi kuliko karibu yote duniani. Hutolewa zaidi ya mita za ujazo 300,000 kwa siku. Ukikosa pampu huchimbi, unaogelea.

Mufulira nayo ilikuwa na jeraha lake. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970 tope la mabaki ya mawe lililokuwa limerundikwa juu lilibomoka na kumwagika ndani ya mgodi, likawazika wachimbaji 89 wa zamu ya usiku. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa zamu ya mchana wiki ile. Wanawake walisimama nje siku nzima bila kulia kwa sauti, na mpaka leo nikisikia watu wengi wamenyamaza mahali pamoja huwa naondoka. Mgodi ule ulichukua miaka kurudi kwenye uzalishaji wake, na sehemu nyingine hazikurudi. Kitabu chako kina sura juu ya bei. Je, kina mstari juu ya usiku ule?

Kuna jambo la wataalamu pia. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu kama mia moja tu, kwa sababu migodi ilimtaka Mwafrika mikono yake, elimu ikawa ya wengine. Wahandisi Wazungu walipoanza kuondoka hakukuwa na watu wa kushika nafasi zao kwa wingi. Vijana wa Kizambia wakasomeshwa, wakawa hodari kweli, na kwacha ilipooza nao wakaondoka, Afrika Kusini, Botswana, Australia. Waliosomeshwa kwa shaba wakachimba madini ya wengine.

Mwaka 1982 makampuni mawili yaliunganishwa kuwa moja, ZCCM, shirika la serikali la migodi ya shaba. Sasa nitasema kitu ambacho kitawaudhi vijana waliosoma vitabu vya siku hizi, vinavyosema shirika lile lilianguka kwa sababu lilibeba kila kitu: nyumba, hospitali, shule, mashamba, balbu za komboni, hadi nepi za watoto. Ni kweli lilibeba, na mimi ni mtoto wa kubebwa huko. Nilitibiwa malaria bure na nikajifunza kusoma kwenye shule ya mgodi. Timu yangu ilikuwa Mufulira Wanderers, ambayo baadaye ilimtoa Kalusha Bwalya, mchezaji bora wa Afrika wa 1988. Vitu hivyo vilikuwa na gharama, sikatai. Ila vilikuwepo pia enzi za makampuni ya Wazungu, shaba ikiwa tani 700,000. Kilichoongezeka ni mzigo wa nchi nzima. Unga wa mahindi uliuzwa bei ya chini mijini kwa nguvu ya shaba. Desemba 1986 serikali ilipojaribu kuiachia bei hiyo ipande, Ukanda wa Shaba ukawaka moto, watu wakafa, bei ikarudishwa. Mwanasiasa gani baada ya hapo angechagua kifusi cha Nchanga dhidi ya unga wa Kitwe? Mimi nisingechagua.

Uuzaji nitaupitia haraka maana unajulikana. Kaunda akashindwa uchaguzi wa 1991, Chiluba akaahidi kubinafsisha, na migodi ikakaa miaka mingi ikisubiri mnunuzi. Mtu anayejua nyumba itauzwa hapaki rangi. Mwaka 1997 muungano wa makampuni ulitaka kununua Nkana na Nchanga, mazungumzo yakavutana, yakavunjika mwaka uliofuata. Msukosuko wa Asia ukaivuta bei ya shaba chini tena, na mwaka 2000 migodi ikauzwa kwa masharti ya mtu aliyeishiwa pumzi. Luanshya, iliyouzwa mapema, ilifilisika mwaka huo huo. Anglo American, waliokuwa wamerudi kuchukua Konkola na Nchanga, wakaondoka 2002. Wafanyakazi waliokuwa zaidi ya 60,000 wakabaki kama 20,000. Kaka yangu alikuwa kati ya waliotoka, akapewa nyumba ya mgodi aliyokuwa akipanga badala ya sehemu ya haki zake, na akageuza sebule kuwa duka la sabuni.

Halafu bei ikapanda. Mei 2006 tani moja ilizidi dola 8,000. Kaka alinipigia simu usiku kunitajia bei hiyo, akacheka sana, kisha akakata.

Wanafunzi wako waambie hivi: mwaka 1974 shaba ilipigwa, lakini wengi wamepigwa wakapona. Hii ilinyimwa jembe kwa miaka ishirini na tano, na kila aliyelitundika alikuwa na sababu nzuri siku hiyo. Soda ya mjomba lipa wewe, una mshahara.

SWALI: Babu shikamoo. Mimi ni mama ntilie Kahama. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021 biashara yangu ilipungua nusu. Nafikiria kuhamia mji mwingine wenye mgodi. Nitajuaje kama mgodi huo nao unakaribia kwisha, nisije nikahamisha masufuria bure? (Mama Ntilie, Kahama)

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole. Tofautisha mambo mawili. Buzwagi iliishiwa mbale, yaani mawe yenye madini, mwisho wake ulipangwa na kutangazwa mapema. Hiyo ni kama mzee aliyekufa na miaka tisini. Ninayokuonya ni mgodi wenye mbale tele ambao unanyimwa.

Kaka yangu alikuwa na dalili zake. Tazama malori ya kifusi. Yakipungua ghafla huku ya mbale yakiendelea, uliza kwa nini. Tazama uwanja wa magari mabovu. Kukiwa na gari limetolewa matairi leo, kesho injini, keshokutwa kioo, ujue linaliwa ili mengine yatembee. Sikiliza kama kuna mashine za kuchoronga zinazotafuta mbale mpya pembeni mwa mgodi, maana mgodi usiotafuta umeamua kufa. Uliza kama wanachukua vijana wa kujifunza ufundi.

Lakini wewe una kipimo bora kuliko hivyo vyote. Nenda mji huo, kaa wiki moja, pika hata chapati tu, uone madereva wa wazabuni wanakula kwa fedha taslimu au kwa kuandikisha. Mzabuni asipolipwa, dereva wake ndiye wa kwanza kukopa maharage. Mkurugenzi wa mgodi atalijua hilo kwenye ripoti ya robo mwaka, wewe utalijua Jumanne. Na ukiona vijana wanarudia magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi, yaliyokwisha kuchujwa mara tatu, rudi Kahama. Huko kuna reli na barabara, watu watakula hata bila dhahabu.

SWALI: Karani, toleo lililopita uliandika kwamba Kabwe ulikuwa mgodi wa shaba. Nilifanya kazi ya useremala Kabwe miaka sita na shaba sikuiona. Sahihisha. (Seremala, Mbeya)

JIBU: Nimekosea, na kosa la karani ni baya kuliko la mwingine. Kabwe, ambayo zamani Wazungu waliiita Broken Hill, ilichimba risasi na zinki, na ulifungwa mwaka 1994. Haikufungwa kwa usafi. Udongo wa mitaa iliyo karibu na mgodi una risasi hadi leo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo wanaocheza na vumbi. Ulipokuwa ukiranda mbao huko natumaini ulinawa mikono kabla ya kula.

Nikuongezee moja kama fidia. Mwaka 1921 wachimbaji wa Kabwe walikuta ndani ya mgodi fuvu la binadamu wa kale sana, mwenye mifupa minene juu ya macho kama kibaraza cha nyumba. Wataalamu wakalisherehekea dunia nzima. Zambia imelidai kwa miaka mingi. Risasi na zinki zilikwisha kuuzwa, mgodi umefungwa, na fuvu lenyewe liko London.